Siku Ile Sikwenda Kondoa

Mwanangu Zuhura,

Barua za zamani zilianza kwa kuulizana hali. Yangu unaijua, mchana tumekula sahani moja na mlenda wote umenimalizia. Yako naiona, tangu asubuhi begi lile umelifunga na kulifungua mara nne. Basi tuyaache hayo. Sasa ni alasiri, nimerudisha mlango wa duka nusu, nimekaa juu ya ndoo ya rangi. Wewe umekwenda chuoni Chimwaga kuwaaga wenzako uliosoma nao, na mama yako yuko nyumbani anakujazia kwenye begi vitu ambavyo Mpanda vinauzwa kila kona. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linaondoka nawe.

Habari za kula kwa wakati, kujifunika usiku na kutomfungulia mtu usiyemjua, mama yako amezisema, na kesho stendi atazisema tena mbele ya kondakta. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja la kukiri na jingine la kukuomba, na yote mawili yamenikaa kooni tangu juzi, siku ya dua yako ya safari.

Unajua ninachokisema. Watu wamekwisha kula pilau, masheikh wameondoka, tumebaki wanaume wa mtaa barazani. Mangi, huyu wa duka la ng'ambo ya barabara, akanigonga bega akasema, "Mzee, sasa tuna mtu wetu ndani. Tutapumua." Wote wakacheka. Nami nikacheka, tena mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Wewe ulikuwa unapita na jagi la maji ya kunawa. Ulisimama, ukanitazama, ukaendelea na safari yako ya jikoni. Jicho lile nalijua, Zuhura. Uliwahi kunitazama hivyo mara moja tu, ukiwa darasa la tano, na tangu siku hiyo sijaliona tena mpaka juzi.

Nitafika huko. Lakini niache kwanza nicheke kidogo, maana nikianza na aibu barua hii sitaimaliza.

Hivi unajua kichekesho kilichotupata? Binti wa Miyuji, mtoto wa muuza saruji, umekuwa afisa kodi! Ukoo wetu haujawahi kuipenda kodi tangu uanze kuhesabiwa. Babu wa babu yangu alikuja huku na misafara ya wafanyabiashara, na kila alipopita Ugogoni alilipishwa ushuru wa kupita, na akifika kisimani alilipishwa wa maji. Nilivyosimuliwa, alinung'unika kuanzia kilima cha kwanza mpaka kisima cha mwisho, halafu akaoa hapa hapa akabaki. Watu husema ni mapenzi. Mimi nadhani alipiga hesabu akaona kukaa ni nafuu kuliko kulipia njia ya kurudi. Sasa leo binti wa kilembwe chake anakwenda kukaa upande wa pili wa meza. Kama wafu wanapata habari, huko aliko haamini.

Na serikali yenyewe nimeingoja tangu sijaoa. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa makao makuu yanahamia Dodoma, na baba yangu aliamini. Kila kiangazi aliupaka ukuta wa duka chokaa, akisema si vizuri wakubwa wafike wakute pachafu. Alipaka, akapaka, akazeeka, na wakubwa hawajafika. Halafu nikiwa nimekata tamaa, wakaja wote kwa mkupuo, na kila mmoja anataka kiwanja. Saruji niliyokuwa nikiiuza mwezi mzima ikawa haifiki Ijumaa. Ndiyo iliyokusomesha. Kwa hiyo ukinisikia naisema serikali, ujue naisema kama mtu anavyomsema shemeji yake. Haina maana kwamba akija nitamnyima kiti.

Mzee Chilewa wa Ihumwa ndiye aliyepata tabu. Unamkumbuka, mfugaji yule anayekuja kununua misumari na kusahau fimbo yake. Njia ya ng'ombe wake sasa ina ukuta wa ofisi kubwa, na ng'ombe hawakupewa taarifa. Asubuhi moja wakaenda kama kawaida yao, wakasimama getini. Mlinzi akamtolea Mzee Chilewa daftari la wageni. Mzee akasema yeye na kalamu hawajuani. Mlinzi, mtu wa utaratibu, akamwandikia mwenyewe: jina, anakotoka, akamuuliza sababu ya kufika. Mzee akajibu, "Malisho." Mlinzi akaandika malisho. Kisha akamuuliza anataka kumuona nani, na hapo ndipo walipoanza kucheka wote wawili.

Sheria nazo nyingi ni nzuri, ila zina tabia ya kuwafikia mgambo kabla ya kutufikia sisi. Siku moja tumeamka, tunaambiwa kutundika bidhaa barazani ni kosa. Ndoo zangu na toroli zikapakiwa kwenye gari, nikaandikiwa faini, nikalipa. Kesho yake akaja mgambo yule yule, amevaa kiraia, anataka ndoo ya nyumbani kwake. Akapita mara mbili bila kuziona. Alipoingia akanilaumu kwa nini sizitundiki nje watu wazione. Nilimtazama, naye akanitazama, halafu akakumbuka. Nilimuuzia kwa bei ya kila mtu, na mpaka leo akipita hunipa salamu ndefu.

Ama teknolojia, hiyo imenishinda wazi wazi. Zamani ukienda ofisini unaambiwa bosi yuko kikaoni. Siku hizi bosi yupo, amekaa, mnatazamana, ila mfumo uko chini. Bosi wa zamani angalau ulijua atarudi, tena ameshiba. Na ile mashine ya risiti, siku ya kwanza nilimtolea mtu risiti ya kitasa kimoja ikiwa na sifuri za kutosha kununua nyumba. Mteja akataka kuiweka kwenye fremu. Wewe ndiye uliyenisaidia kuandika barua ya kueleza kwamba sina kitasa cha namna hiyo.

Na ile safari ya kusajili laini ya simu. Yule binti wa dirishani aliniambia niweke kidole, nikaweka. Akasema ninawe, nikanawa. Nipake mafuta, nikapaka. Vidole vyote kumi mashine ikavikataa, maana miaka yote hii saruji imekwisha kuvisugua mpaka havina hata mstari. Binti akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, huonekani." Ulishangaa nilivyocheka mpaka machozi, ukaniuliza nacheka nini, nikakwambia sicheki kitu. Nilikuwa nacheka hivi: ujana wangu wote nilihangaika serikali isinione. Sasa nimeifuata mwenyewe kwa miguu, nimevaa na kanzu, naiomba inione, haioni. Ulinirudisha pale mara tatu mpaka kidole gumba cha kushoto kikakubali.

Na hapo ndipo penyewe, kwenye huko kutotaka kuonekana.

Unakumbuka fundi bati wa kona. Mtu wa kugonga kutwa nzima, mpaka watoto wa mtaa wetu walikuwa hawapati usingizi pasipo na kelele. Ulikuwepo mpango kati yetu wenye maduka, hakuna aliyeuandika: fundi akinyamaza ghafla, watu wa kodi wameingia mtaani. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na mtaa mzima ukawa kama umefiwa. Wao wakipita, nyundo inaanza tena. Tulijiona werevu sana.

Siku ile fundi alinyamaza yapata saa nane. Wewe ndiyo kwanza umetoka shule, sare bado mwilini, umekaa kwenye kizingiti na daftari la hesabu. Mteja alikuwa ametoka sasa hivi, mlango wazi, nikaona hakuna nafasi ya kufunga. Nikakwambia, "Wakiuliza, baba amekwenda Kondoa." Nikaruka nyuma ya mifuko ya saruji nikalala chini.

Akaja mmoja tu. Mama Nyemo, wote tulimjua: mwembamba, mtu mzima, viatu vya raba, na miguu inamsumbua. Ulimwamkia vizuri. Akakuuliza baba yuko wapi, ukamwambia amekwenda Kondoa, kama nilivyokufundisha. Kisha akakuuliza, "Anarudi lini?"

Mimi kule nyuma nilijua hilo sikukufundisha. Nilikupa uongo nusu, nikakuacha mlangoni uumalize peke yako, mtoto wa darasa la tano. Nilikusikia unavuta pumzi. Mwisho ukasema, "Hakuniambia." Zuhura, katika maneno yote yaliyosemwa dukani siku hiyo, hilo peke yake lilikuwa la kweli.

Nilidhani ataondoka. Akaomba maji ya kunywa, akavuta ndoo akaketi, akasema atangoja kidogo miguu ipoe. Halafu akaliona daftari lako. Mlikuwa mnajifunza asilimia, na ulikuwa umekosa hesabu zote, nasema ukweli, zote. Jana yake uliniletea mimi, nikakwambia nina kazi. Basi yule mama akachota misumari kwenye boksi langu bila ruhusa, akahesabu mia, akaipanga sakafuni. Akakuonyesha asilimia kumi ni ipi, thelathini ni ipi. Akasema hii ni ya baba yako, hii ya barabara, hii ya dawa zahanati. Mlikaa hapo, wallahi, mpaka adhana ya alasiri. Mimi mguu umekufa ganzi, pua imejaa vumbi, nasikiliza mtu wa kodi akimfundisha mwanangu kazi niliyotakiwa kuifanya mimi.

Ukamuuliza, "Na baba akificha msumari mmoja?" Nilifumba macho. Nilijua sasa yanakuja mahubiri. Akakujibu, "Basi itabidi nirudi tena, na miguu yangu inauma." Ukacheka. Ulicheka kicheko kizuri sana, na mimi, Mungu anisamehe, nikatamani nitoke nicheke na nyie.

Alipoinuka kuondoka alipandisha sauti kidogo. "Mwambie baba yako akirudi, saruji haipatani na jasho. Inaganda." Akaenda zake. Alijua tangu mwanzo. Nawe hukugeuka hata mara moja kuitazama ile mifuko.

Nilitoka nikiwa wa kijivu kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu. Ukaniletea maji ya kunawa. Nikaona niseme kitu, nikasema safari ilikuwa ndefu na njia ina vumbi. Ndipo uliponitazama lile jicho, ukauliza taratibu, "Vumbi la Kondoa si jekundu, baba?" Ulilijua, kila Idd tulikwenda huko kwa bibi yako, unarudi soksi zote nyekundu. Na mimi, mtu mzima, baba wa watu, nikakujibu kwamba tulipita njia nyingine.

Hukuuliza tena. Ila daftari la hesabu hukuniletea tena. Ulimpelekea mama yako, ambaye naye hesabu anazikimbia, na alipokwama ulimngoja Mama Nyemo. Nilikuona. Kila alipopita mtaani ulitoka mbio na daftari, na mtaa mzima umefungwa, watu wamejificha, wewe peke yako uko barabarani unamwonyesha asilimia zako. Iliniuma, Zuhura. Iliniuma na nilijua dawa yake, nikaona haya kuinywa.

Mwezi uliofuata nilikwenda ofisini kulipa, na sikumwambia mtu. Sasa hapo nikupe uzoefu wangu, si mawaidha. Kukwepa kulinigharimu kulala chini saa moja na nusu. Kulipa kulinichukua siku tatu. Dirisha la kwanza likanituma la tatu, la tatu likaniambia nikapige picha, mpiga picha amekwenda msibani, nilipopata picha likawa linafungwa saa sita. Siku ya pili nikaambiwa nije kesho. Siku ya tatu Mama Nyemo akanikuta kwenye korido nimeshika karatasi zangu, akanishika mkono akanipeleka mwenyewe mpaka mwisho. Kondoa hakuitaja. Aliniuliza tu mtoto anaendeleaje na hesabu za sehemu. Ukikaa kwenye kiti chako huko Mpanda, mtu akikufuata kwa miguu yake kulipa, mwanangu, usimwambie aje kesho. Hujui amejishinda kiasi gani mpaka kufika hapo.

Tangu hapo nalipa. Wakati mwingine nanung'unika, kama babu, lakini nalipa. Risiti umeziona, ila kwa mdomo wangu nilikuwa sijakwambia, kwa sababu kukwambia nimeanza kulipa ni kukwambia kwamba zamani nilikuwa silipi, na kukwambia hivyo ni kukiri nilikuwa wapi siku ile. Uongo mmoja unalishwa miaka kumi na tatu, na haunenepi wala haufi.

Ndiyo maana cheko langu la juzi limeniadhibu. Nilijua umesikia nini. Umesikia baba yako anakutuma tena mlangoni, safari hii mlango wa serikali, ukaseme watu hawapo hali wapo. Si hivyo. Nilicheka kwa woga wa kumuaibisha Mangi mbele ya watu, na huo si udhuru, nakueleza tu ilivyokuwa. Jana asubuhi nilivuka barabara. Nikamkuta na wateja wake, wengi kidogo, na nikashukuru, maana nilitaka wasikie. Nikamwambia, "Mangi, Zuhura si mtu wetu ndani. Hatampigia mtu simu, na mimi sitampigia kwa ajili ya mtu." Akanikazia macho, akauliza kama pilau la juzi limenidhuru. Wateja wakacheka, nami nikacheka, ila nikalirudia neno langu. Akapima sukari ya mtu, kisha akasema kwamba binti yake naye anataka kusomea uhakimu na sasa yeye baba mtu ameanza kuogopa. Tukanywa chai.

Hilo lilikuwa la kukiri. La kuomba ni dogo na kubwa.

Nisamehe, mama. Nisamehe kwa siku ile, si kwa ajili ya kodi, kodi nimekwisha kumalizana na wenyewe. Nisamehe kwa kukusimamisha mlangoni useme nililoogopa kusema mimi. Ningeweza kukwambia kesho stendi, lakini najijua: mama yako atalia, kondakta atapiga kelele, na mimi nitaanza kukagua matairi ya basi kana kwamba nayajua. Kwa hiyo nimeandika. Utaisoma njiani, na ukifika Mpanda ukaona huna la kunijibu, usinijibu. Nipigie tu uniulize hesabu yoyote, hata kama jibu unalijua. Nitaelewa.

Sikuombi uwe mpole kwa wafanyabiashara. Tunazijua hila zetu, nawe umezaliwa ndani yake, hawatakuweza. Wala sikuombi uwe mkali. Naona fahari juu yako mpaka nashindwa kuificha, mama yako ananiambia nipunguze, kila anayekuja kununua msumari lazima asikie binti yangu anakwenda kufanya kazi gani. Na wengine huwa wanaondoka bila kununua.

Ila siku moja huko utaingia kwenye duka lenye mlango wazi, ukute mtoto kwenye kizingiti, naye atakwambia baba amesafiri. Usimuulize anarudi lini. Muulize yuko darasa la ngapi, uombe maji, uketi. Baba yake yupo. Anasikia kila neno, na yeye ndiye mwenye hamu kubwa ya kutoka.

Baba yako